Mgonjwa Rasmi wa Wilaya

"Kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe baada ya kushauriana na mimi mwenyewe, natangaza kwamba kuanzia leo malaria haina tena kibali cha kuishi ndani ya mipaka ya nchi yetu tukufu. Imepewa muda wa kutosha kufungasha. Mbu watakaokutwa baada ya hapo watahesabiwa kuwa wageni walioingia bila ruhusa."

Hivyo ndivyo alivyonena Mtukufu Kiongozi kupitia kinywa cha msomaji wa redio ya taifa. Msomaji huyo alikuwa wa tatu. Wa kwanza alikuwa amelazwa kwa homa. Wa pili alikwenda kumjulia hali wa kwanza, akabaki kwenye kitanda cha jirani. Huyu wa tatu alisoma vizuri mpaka alipofika "bila ruhusa", meno yake yakaanza kugongana, ikabidi wimbo wa taifa upigwe mapema.

Jina la nchi hiyo halitajwi humu, na si kwa woga. Ipo sheria ya kulinda heshima ya jina la nchi, inayokataza jina hilo kukaa ukurasa mmoja na ugonjwa wowote, na wananchi wa huko ni watiifu sana. Hata wakifa hufa kwa utaratibu.

Katika nchi hiyo kulikuwa na wilaya iitwayo Kinamasi, yenye mpunga mwingi, maji mengi yaliyotuama, na mbu wenye afya kuliko ng'ombe. Huko ndiko ulikoanzishwa mpango uitwao Dawa Mlangoni. Kila mtaa ulipewa mhudumu wake wa afya na boksi la dawa mseto pamoja na vipimo vya kutoboa kidole, ili mtu akishikwa na homa asitembee kutwa nzima kutafuta hospitali.

Mpango huo ulifanya kosa moja kubwa: ulifanya kazi. Watu waliugua, wakapimwa, wakameza dawa, wakarudi mashambani. Maboksi yakawa matupu. Wataalamu wa makao makuu walipoyaona maboksi matupu walishika vichwa. Dawa zimekwisha, walisema, maana yake wagonjwa ni wengi. Na kama wagonjwa ni wengi, mpango umeshindwa. Wakatoa mwongozo mpya. Tangu siku hiyo mafanikio ya Dawa Mlangoni yangepimwa kwa kuangalia boksi. Boksi likijaa, watu ni wazima.

Mhudumu wa mtaa uliokuwa jirani na Sekondari ya Bweni ya Utii aliitwa Mashimba. Zamani alikuwa mtu wa kuamshwa usiku na kwenda. Sasa boksi lake lilipigwa lakiri nyekundu pande zote, naye alilifuta vumbi kila asubuhi kwa kitambaa laini, akapewa cheti cha mhudumu bora kwa kutomtibu mtu yeyote msimu mzima wa mvua.

Ikaja habari kwamba Tume ya Tathmini iko njiani. Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Lupondo, akaitisha kikao. Mawe ya barabarani yalishapakwa chokaa, mbuzi walishachaguliwa, lakini kulikuwa na tatizo. Tume ilitaka kuona kwa macho yake mgonjwa mmoja akipimwa, akitibiwa na akipona.

"Wagonjwa tunao, Mheshimiwa," alisema Mashimba. "Mtaani kwangu tu..."

"Wale hapana!" Mheshimiwa Lupondo alipiga meza. "Wale hawana mpangilio kabisa. Huyu anatapika mgeni rasmi akiwa bado anasalimia, yule anazimia kabla ya risala. Nataka mgonjwa mwenye nidhamu. Nikisema augue, augue. Nikisema apone, apone, tena awe amepona kabla pilau haijapoa."

Mkuu wa Sekondari ya Utii alisimama, akafunga kifungo cha koti.

"Mheshimiwa," alisema, "ninaye."

Aliyekuwa naye aliitwa Zablon, kijana wa kidato cha tatu. Katika historia ya shule ile hapakuwahi kutokea mwanafunzi aliyeugua mara nyingi kama yeye, wala aliyekuwa mzima kama yeye. Aliugua asubuhi za mtihani wa hesabu, akapona saa ya chai. Aliugua siku za kufyeka uwanja. Safari moja aliugua upande mmoja tu wa mwili, ule wenye mkono wa kushika fyekeo. Mwalimu wa zamu akimgusa shingo alikuta moto wa kweli, na hakuna aliyejua moto huo ulitoka wapi. Kwa kutega huko alikuwa amechapwa, amechoteshwa maji, amepigishwa magoti kwenye changarawe. Sasa, kwa kutega kulekule, aliteuliwa.

Mazoezi yalifanyika ofisini kwa Mkuu wa Wilaya, chini ya picha ya Mtukufu Kiongozi akiwa amemkanyaga mbu mkubwa kama kuku.

"Tetemeka," aliamuru Mheshimiwa Lupondo.

Zablon akatetemeka.

"Punguza. Hapo umetetemeka kama mtu anayeilaumu serikali. Tetemeka kama mtu mwenye matumaini."

Zablon akatetemeka kwa matumaini.

"Vizuri! Sasa meza hewa. Haya, pona. Taratibu, anza na macho. Tabasamu. Onyesha meno. Na ya chini, dogo, na ya chini! Hapo sasa umepona kizalendo."

Zablon alirudi bwenini kifua mbele. "Nyie mnaugua bure," aliwaambia wenzake waliojikunyata chini ya mablanketi. "Mimi naugua kwa niaba ya taifa."

Furaha yake haikudumu. Jioni hiyo bwalo lilikuwa kimya na ugali ulikuwa na mabonge mabichi kama udongo wa mfinyanzi. Mpishi wa shule, Mama Sikitu, hakuwapo.

Mama Sikitu alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuvunja vikombe. Aliwatukana wanafunzi wote kwa usawa, ila Zablon alimtukana zaidi, kisha akamwekea ukoko wa wali kwenye sahani ya bati na kuifunika. Zablon, ambaye mama yake mzazi alikuwa kaburini tangu yeye hajaota meno ya pili, alikula ukoko huo akiwa amesimama nyuma ya jiko, na hakuwahi kumwambia mtu yeyote kwamba hapo ndipo mahali pekee shuleni aliposahau kutega.

"Kaangukia sufuria mchana," alisema mlinzi wa geti, ambaye sasa ndiye aliyeshika mwiko. "Homa. Mgambo wamemchukua, wamempeleka ghalani."

Ghala lenyewe lilikuwa la pamba, kutoka enzi ambazo wilaya ilikuwa na pamba. Mheshimiwa Lupondo alikuwa ameagiza wagonjwa wote wasioratibiwa wakusanywe humo mpaka tathmini ipite, ili wasiiharibie Tume mandhari.

Zablon akazunguka nyuma ya ghala, akatafuta ubao uliopasuka, akaweka mdomo.

"Mama Sikitu! Shikamoo."

Sauti ikajibu kwa mbali: "Marahaba. Nani huyo? Sauti kama ya yule mwongo wangu."

"Ndiye, Mama."

"Umekula?"

"Ugali mbichi. Anapika mlinzi."

"Mlinzi!" Sauti ilijaribu kupanda, ikakatika. "Atawamaliza hata malaria haijawafikia. Mwambie maji yachemke kwanza. Yachemke, unanisikia? Asimimine unga kama anamwagia kuku."

"Nitamwambia. Wamekupa dawa?"

"Wametupa hotuba." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Kisha akaanza kuongea haraka haraka. "Sikitu, mwanangu, teremsha sufuria. Mbona umewasha moto mkubwa hivi? Teremsha, nyumba itaungua."

"Mama, ni mimi. Zablon."

"Teremsha, Sikitu."

Sikitu alikuwa bintiye, na alikufa zamani kwa homa hiyohiyo. Zablon aliujua utani wa kila aina, lakini hapo hakuupata hata mmoja. Alikimbia mpaka kwa Mashimba, akamkuta barazani, boksi limelala mapajani kama mtoto mchanga.

"Kaka Mashimba, dozi moja tu. Ya Mama Sikitu. Anaweweseka."

"Dogo, unaona hii lakiri?"

"Naiona."

"Ikivunjika kabla ya Tume kufika, mpango umeshindwa. Mpango ukishindwa, kesho hakuna dawa wilaya nzima."

"Kwani leo ipo?"

Mashimba aliangalia pembeni. "Jaribu dukani."

"Dukani wamezitoa. Mwenye duka anasema kuuza dawa ya ugonjwa uliofutwa ni uchochezi. Na zahanati imegeuzwa jumba la makumbusho ya malaria."

"Basi sina la kufanya. Lakiri itavunjwa mara moja, mbele ya Tume, kwa ajili ya mgonjwa rasmi." Alishusha sauti, na kwa nukta chache akawa yule Mashimba wa zamani. "Mgonjwa rasmi si ni wewe? Basi hiyo dozi ni yako. Watakupa nne za kwanza umeze palepale, zinazobaki kwenye pakiti ni za siku zinazofuata. Mimi sijasema kitu."

Zablon akaondoka na mpango kichwani. Angeugua, angepokea vidonge, angevificha shavuni, na kila kitu kingeishia ghalani. Aliona mpango ni mwepesi sana. Kichwa kilimgonga kidogo, akasema ni kwa sababu ya kufikiri, jambo ambalo hakulizoea.

Siku ya tathmini ilipambazuka kwa ngoma. Viti vya Tume vilifunikwa vitambaa vyeupe. Mwenyekiti wake, Profesa Daktari Mhandisi Bi Salvina Mkwabi, alishuka garini akiwa amevaa soksi nene, glavu na wavu usoni, kwa sababu ya baridi, kama alivyoeleza msaidizi wake. Jua lilikuwa linachoma kichogo.

Mheshimiwa Lupondo alihutubia mpaka mbuzi mmoja akaiva. Alisema Kinamasi imeishinda malaria kwa umoja, amani na chokaa. Alilisifu boksi. Boksi likaletwa juu ya mto wa kitambaa chekundu, watu wakasimama, wazee wakavua kofia.

Kisha akaitwa mgonjwa rasmi.

Zablon alitoka akiegemea mabega ya mgambo wawili, na hakika hakuwahi kuigiza hivyo. Magoti yalilegea yenyewe. Jasho lilimtiririka bila yeye kuliomba. Alitetemeka mpaka kiti alichokalishwa kikatembea. Akajisifu moyoni: leo nimejipita. Mheshimiwa Lupondo akamwinamia na kunong'ona kwa hasira, "Matumaini, dogo! Weka matumaini!"

Mashimba alivunja lakiri, akamtoboa Zablon kidole, akadondosha damu kwenye kipimo. Walikuwa wamekubaliana. Mstari mmoja ungejitokeza, maana kijana ni mzima, na wa pili Mashimba angeuchora kwa kalamu nyekundu aliyoificha kwenye mkono wa shati, wakati kwaya inaimba.

Kwaya ikaimba. Mashimba akaangalia kipimo, akasahau kutoa kalamu.

"Chora," Zablon alinong'ona.

"Sijachora," alijibu Mashimba, midomo haichezi.

"Basi chora."

"Dogo. Ipo miwili."

Zablon akaangalia. Ipo miwili kweli, myekundu, imenyooka kuliko mistari yote iliyowahi kuchorwa na serikali. Ubaridi ukamshuka uti wa mgongo, na safari hii alijua si usanii. Basi tangu asubuhi kumbe hakuwa anaigiza. Alikuwa mgonjwa mbele ya watu wote, anapigiwa makofi, na mtu pekee aliyedanganywa ni yeye.

Dozi ilikuwa moja. Lakiri nyingine ilikuwa tayari inayeyushwa kwenye kijiko ili boksi lifungwe tena.

"Meza, kijana," alisema Profesa.

Alipewa vidonge vinne kutoka kwenye pakiti, na maji. Ulimi wake ulivitaka kwa mara ya kwanza maishani. Akavisukuma shavuni, akanywa maji, akameza maji.

"Unajisikiaje?"

Zablon akainamisha kichwa kwa heshima.

"Sema kwa sauti, Tume isikie."

Alifungua mdomo kidogo tu, kwa pembeni. Mtetemo ukampiga, meno yakagongana, na vidonge vikaruka kimoja baada ya kingine mpaka kwenye kitambaa cheupe cha Profesa, vikaacha alama za njano.

Kwaya ikanyamaza katikati ya neno "ushindi".

"Hii nini?" aliuliza Profesa.

"Samahani, Profesa." Zablon alisimama, akashika kiti. Alikuwa amekamatwa na akaona bora aseme yote. "Hizo si zangu. Ni za Mama Sikitu, mpishi wetu. Amefungiwa kwenye ghala la pamba pamoja na wengine. Wanaumwa kweli. Mimi nilitaka tu..."

"Mwongo!" Mheshimiwa Lupondo aliruka mbele, miwani imemdondokea mdomoni. "Profesa, msimsikilize! Huyu mtoto ni mwongo wa kutupwa, waulizeni walimu wake. Hajawahi kuugua tangu azaliwe! Hata hapa alipo haumwi, anaigiza, nimemfundisha mimi mwe..."

Akaziba mdomo. Alikuwa amechelewa. Watu wote wilayani walisikia, na wale wasiosikia walisimuliwa na jirani. Mashimba alifumba macho. Mkuu wa shule alianza kurudi kinyumenyume kuelekea vichakani.

Profesa aliinua wavu.

"Mheshimiwa, ngoja nielewe. Unasema kijana huyu haumwi?"

"Haumwi, Profesa. Naapa."

"Hata kidogo?"

"Mzima kama chuma."

"Lakini kipimo hiki hapa kinasema ana malaria."

"Kilisema, Profesa," Mheshimiwa Lupondo alijibu kwa sauti ya mtu anayezama, "wakati ule."

Profesa alitafakari. Wajumbe wake wakatafakari. Harufu ya pilau ikapita, nayo ikasaidia kutafakari.

"Basi amepona," alisema Profesa.

Makofi! Ngoma zililipuka. Mjumbe mmoja alitokwa na machozi. Mgonjwa amepimwa akakutwa anaumwa, na kabla hata hajameza dawa, kiongozi wa wilaya amethibitisha kwa kiapo kwamba haumwi. Hakuna nchi duniani iliyowahi kufikia hatua hiyo. Vidonge vinne vilivyoponya bila kumezwa vilitiwa kwenye bahasha ya khaki, vipelekwe makao makuu vikachunguzwe.

"Jambo moja tu," alisema Profesa, akainua kidole chenye glavu. "Utaratibu unataka mgonjwa mwenyewe akiri. Kijana, unaumwa au huumwi? Ukisema unaumwa, pakiti inarudi kwenye boksi, tunapiga lakiri, tunaanza tathmini upya mwakani. Ukisema huumwi, pakiti utakwenda nayo nyumbani kama kumbukumbu ya kupona kwako."

Mheshimiwa Lupondo alikunja mikono kama anayesali. Zablon alimtazama Profesa, akaona wawili. Alitazama pakiti, nayo akaiona mbili, akatamani zingekuwa mbili kweli.

"Naomba niulize, Profesa."

"Uliza."

"Na wale wa ghalani?"

"Wagonjwa gani tena?" Profesa alishangaa kwa dhati. "Mheshimiwa amekwisha sema wewe ni mwongo."

Watu wakacheka. Zablon akashika pakiti kwa mikono miwili ili isidondoke.

"Nakiri," alisema. "Siumwi."

"Mbona unatetemeka?"

"Matumaini, Profesa."

Wakamshangilia mpaka vumbi likatimka. Halafu pilau ikafunguliwa na hakuna aliyemkumbuka tena. Mgambo wa ghalani walikuwa kwenye foleni ya nyama, mlango umezuiwa kwa kijiti tu. Zablon alikivuta kijiti, akaingia kwenye giza lenye harufu ya jasho na mbegu za pamba kuukuu, akawaruka watu waliolala, akiwaomba radhi mmoja mmoja, mpaka akamkuta Mama Sikitu ukutani, karibu na ule ubao uliopasuka.

Alimwinua kichwa. Alikuwa na kikombe cha maziwa alichokichukua meza kuu wakati wajumbe wanagombea firigisi. Akamwekea vidonge ulimini.

"Meza, Mama. Usiongee, meza kwanza."

Mama Sikitu akameza. Macho yake yakatafuta gizani mpaka yakampata.

"Wewe," alisema. "Mwongo wangu."

"Ndiyo, Mama. Hizi nyingine utameza jioni, na kesho, usiache mpaka ziishe. Nimeziweka kwenye kitenge chako."

"Umezitoa wapi?"

"Nimezawadiwa. Nimekuwa mgonjwa rasmi wa wilaya."

Mama Sikitu alijaribu kucheka. Akamshika kiganja ili ajiinue, kisha akakiachia kama mtu aliyeshika sufuria bila kitambaa.

"Toa hicho kitu."

"Kitu gani?"

"Ulichobana kwapani. Unadhani sikujua viazi vyangu vya kuchemsha vinapotelea wapi kila ukiwa na mtihani? Nilikuachia tu. Kitoe, utajiunguza ngozi bure, hapa hakuna mwalimu wa zamu."

"Mama, lala."

"Kitoe nimesema!"

Alimvuta kola, akapenyeza mkono ndani ya shati, upande huu, kisha upande ule. Mkono ukapapasa, ukatulia, ukabaki palepale.

"Zablon."

"Naam, Mama."

"Kiazi kiko wapi?"

Alikuwa bado na uongo mwingi, mwingine mpya kabisa, haujawahi kutumika. Alifungua mdomo kuchagua mmoja, lakini taya zilikuwa zinacheza vibaya, na yule mama alikuwa anamtazama.

"Hakuna kiazi, Mama," alisema. "Naumwa."